Wasomaji Wanauliza: Sare, Status na Singeli

Barua za mwezi huu zimekuja nyingi kuliko kurasa tulizo nazo, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: mambo haya tunayoyaona kila siku harusini, kwenye simu na mitaani, yanasema nini juu yetu? Nimechagua barua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, kwa sababu inagusa mifuko ya watu wengi, na kwa sababu aliyeiandika ameumia.

*

*Shikamoo Bi Mhariri. Mimi ni mfanyakazi wa kawaida, mume na baba wa watoto watatu. Kati ya Juni na Agosti niliingizwa katika makundi saba ya WhatsApp ya harusi, sendofu na kichen pati, na kila kundi lilinitaka nitoe ahadi. Mke wangu naye alidaiwa sare mbili ndani ya mwezi mmoja, moja ya kitenge na nyingine ya lesi. Mwezi uliopita nilikopa ili nimalize ahadi zangu. Je, jamii yetu imekuwa ya kujionyesha tu, na undugu umegeuka biashara?*
*Mchangaji, Morogoro*

Marahaba, mwanangu, na pole kwa mzigo huo. Umeniuliza maswali mawili kwa pamoja, na majibu yake hayafanani. Kujionyesha kupo, lakini hakukuanza na harusi za leo. Undugu kugeuka biashara ni jambo jingine, na hapo umegusa penye kidonda.

Nianze na sare, kwa kuwa ndizo zinazolaumiwa zaidi. Watu husema zimeletwa na picha za mitandaoni, ilhali pwani yetu imekuwa ikivaa sare kwa zaidi ya miaka 100. Ngoma ya beni, iliyozuka katika miji ya pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19 na kusambazwa bara na askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, ilikuwa na vyama vilivyoshindana mji kwa mji: Mombasa walikuwapo Kingi na Skochi, na Tanganyika walikuwapo Marini na Arinoti. Wanachama walishona mavazi ya kijeshi, wakapeana vyeo vya kifalme na vya kijeshi, na wakachanga fedha kwa ajili ya karamu ambazo shabaha yake ilikuwa kumtia haya mshindani. Wanawake nao walikuwa na lelemama, yenye mavazi yake, vyeo vyake na mashindano yake. Mpita njia wa siku zile angeweza kusema uliyoyasema wewe, kwamba hawa wanajionyesha tu. Hata hivyo, vyama hivyohivyo ndivyo vilivyompokea mgeni aliyeingia mjini hana mwenyeji, na ndivyo vilivyosimamia maziko ya mwanachama ambaye ndugu zake walikuwa mbali.

Vilifanya na zaidi ya hayo. TANU iliasisiwa Julai 1954, na mwaka uliofuata ilipotaka kuwapata wanawake wa Dar es Salaam, kazi hiyo ilimwangukia Bibi Titi Mohamed, ambaye alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Hakuanza kugonga mlango mmoja mmoja, bali alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma, nao wakawaleta watu wao. Kadi za chama zilipita katika njia iliyokwisha kufunguliwa na sare, nyimbo na michango. Mimi mwenyewe nakumbuka sanduku la mama yangu kule Tanga, ambamo kila doti ya kanga ya sare ilikuwa na jina la arusi yake. Alikuwa akizitoa moja moja kuzianika, na kila aliyoianika alitaja wanawake waliovaa pamoja naye siku hiyo, nani alimuuguza mtoto wake na nani alilala matangani kwake. Sanduku lile lilikuwa daftari lake la watu.

Basi sare ni haja ya zamani, haja ya kuhesabiwa miongoni mwa watu. Kilichobadilika ni kipimo, na ndicho kilichokuumiza.

Tazama orodha iliyomo katika kundi lolote kati ya hayo saba. Juu pana majina ya bwana na bibi harusi, chini yake bajeti, kisha namba 1, namba 2, namba 3, mpaka namba 140. Kila namba ina jina, kila jina lina ahadi, na kila ahadi iliyolipwa ina alama ya vema ya kijani mbele yake, huku jina la aliyelipa nusu likiachwa na deni lililoandikwa kwa tarakimu. Orodha hiyo hurushwa upya kila mtu anapolipa, asubuhi, mchana na saa tano ya usiku, hivi kwamba asiyelipa husomwa jina lake mara ishirini kwa siku na watu ambao baadhi yao hawamjui. Zamani mjumbe wa kamati alikuja nyumbani, akaketi, akapewa chai, na baba mwenye nyumba akaweza kusema kwa sauti ya chini kwamba mwezi huu hali si nzuri. Mweka hazina aliandika katika daftari ambalo yeye na mwenyekiti ndio waliolifungua. Huduma za kutuma fedha kwa simu, zilizoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, zimetufaa sana, nami nazitumia kila siku, lakini zimeondoa ile chai. Mchango sasa husafiri bila mchangaji, na kinachofika ni tarakimu peke yake.

Tena iko kadi. Katika harusi nyingi kiasi hutangazwa mapema, hiki cha kadi ya mtu mmoja na hiki cha kadi ya watu wawili, na ambaye mchango wake haukufika hapati kadi. Shangazi aliyemlea bibi harusi miaka mitano, lakini ambaye hana kiasi hicho, atasimama mlangoni mwa ukumbi akiulizwa kadi yake. Nimeliona hilo kwa macho yangu, na sitalitetea. Hapo ndipo undugu ulipowekewa bei, mwanangu, na waliouwekea ni kamati zetu wenyewe, si mitandao.

Hata hivyo, usiwadharau wanaochanga. Walio wengi miongoni mwetu hawana pensheni, na benki haiwakopeshi kwa kuwa hawana cha kuweka rehani. Mama muuza samaki anayetoa elfu thelathini katika harusi ya mtoto wa jirani anaweka akiba mahali pekee anapopaamini, yaani katika vichwa vya watu, akitarajia kwamba siku ya harusi ya binti yake, au siku ya msiba wake, watu hao watakumbuka. Ni hesabu ileile ya upatu, ya vikoba na ya vyama vya kufa na kuzikana. Mtu anaweka akiba kwa watu pale ambapo hana pengine pa kuiweka, kwa hiyo unapoona harusi za mtaani zinakuwa kubwa mwaka hadi mwaka, usiulize tu kwa nini watu wanapenda fahari, uliza pia wakiugua watamkimbilia nani.

Lakini akiba hiyo haiendi pamoja na riba. Umekopa ili utoe ahadi, na kama mkopo wenyewe ni ule ambao watu wameupa jina la kausha damu, basi unalipa riba ya kila wiki kwa ajili ya mchango utakaokurudia, ukirudi, baada ya miaka kumi. Hilo liache leo. Chagua sherehe mbili ambazo wenyewe walikufaa, utoe unachoweza, na kwa zile tano nyingine mpigie simu mwenyekiti wa kila kamati, uzungumze naye kwa sauti yako badala ya kunyamaza ndani ya kundi, kwa sababu ukimya ndio unaosomwa kuwa ni dharau. Mke wako anaweza kuvaa kitenge cha sare ya mwaka jana chenye rangi iliyo karibu, na fundi mzuri atakibadilisha mshono. Nawe ukichaguliwa kuwa katika kamati, na kwa kasi hii utachaguliwa, pendekeza orodha inayorushwa ioneshe jumla iliyopatikana, na majina yabaki kwa mweka hazina.

*

*Asalaam aleikum. Mimi ni mama mkwe hapa Mombasa. Mke wa mwanangu ana tabia ya kuweka maneno katika status yake kila tunapokosana: "Hasidi hana sababu", "Wema wangu umeniponza" na mengine ya namna hiyo. Nikimuuliza, hujibu kwamba hakumkusudia mtu. Enzi zetu tuliheshimiana. Vijana hawa wamepatwa na nini?*
*Mama mkwe, Mombasa*

Waaleikum salaam, dada yangu. Niruhusu nikuulize kwa mapenzi: kule kabatini kwako leso, yaani kanga, ziko ngapi, na ni ngapi kati yake ulizozinunua kwa ajili ya jina lake tu?

Mji wako ndio uliotufundisha jambo hili. Mfanyabiashara Kaderdina Hajee Essak, ambaye duka lake maarufu kwa alama ya Mali ya Abdulla lilianzishwa Mombasa mwaka 1887, ndiye anayetajwa kwamba mwanzoni mwa karne ya 20 alianza kutia maneno katika leso, kwanza kwa herufi za Kiarabu na baadaye kwa herufi za Kirumi. Tangu hapo mwanamke wa pwani ambaye adabu haikumruhusu kumjibu mume, mke mwenza wala mama mkwe, alipata pa kusemea. Alijifunga leso yenye jina alilolitaka, akapita uani taratibu na ndoo yake ya maji, na yule aliyekusudiwa akasoma. Akiulizwa, alikuwa na jibu: nimevaa nguo yangu. Jibu la namna hiyohiyo ndilo alilokupa mkaza mwanao. Kwa hiyo sioni kwamba amepotoka katika mila, naona ameirithi, ila hakuirithi pamoja na nguo yenyewe.

Na kukosekana kwa nguo hiyo kuna madhara. Leso ilikuwa na gharama, hivyo mtu alikuwa na safari nzima ya kwenda dukani na kurudi ya kuipoza hasira yake, na mara nyingi alirudi na jina jingine kabisa. Ilisomwa na watu wa ua mmoja, ambao walijua chanzo cha ugomvi na waliweza kuwapatanisha. Kubwa zaidi, leso haikumwambia aliyeivaa ni nani aliyeisoma. Status hudumu saa 24, huandikwa kwa dakika moja katikati ya machozi, husomwa na mwajiri, na shoga wa shule, na muuza mboga aliyehifadhiwa namba yake, na chini yake ina orodha ya walioiona pamoja na saa waliyoiona. Anayeandika hukaa akiitazama orodha hiyo kusubiri jina moja, na jina lisipotokea, huandika neno kali zaidi. Mipasho ya leso ilimwachia aliyepigwa nafasi ya kujifanya hakuona, na kujifanya hukuona kumezinusuru nyumba nyingi. Nafasi hiyo sasa imefungwa.

Kwa hiyo nakuomba usiitazame. Ukiitazama unampa kile anachokisubiri, kisha inakubidi ujibu. Kinachonishughulisha ni kwamba mwanamke anayeishi nyumba moja nawe anaona simu ndiyo mahali penye sikio. Mpe sikio. Mnunulie leso, dada yangu, pea nzuri yenye jina la upole, umpelekee mwenyewe mkononi bila kumhubiria. Atasoma.

*

*Shikamoo Bibi. Nina miaka 19, naishi Temeke. Baba yangu hataki singeli ipigwe nyumbani, anasema ni muziki wa wahuni na ni ushahidi kwamba kizazi chetu kimeharibika. Mimi naipenda. Nani ana haki?*
*Kijana wa Temeke*

Marahaba, mjukuu wangu. Baba yako ana haki ya utulivu ndani ya nyumba yake, kwa hiyo vaa visikizio. Juu ya hayo mengine, nitazungumza naye kupitia kwako.

Jiji la Dar es Salaam lilikuwa na watu takribani milioni 2.5 katika sensa ya mwaka 2002, na milioni 5.4 katika sensa ya mwaka 2022. Wewe umezaliwa humo katikati, katika mitaa ambayo chumba kimoja kinalaza watu watano na ukuta wa jirani ndio ukuta wako. Singeli imetoka katika mitaa ya namna hiyo, Manzese, Tandale na Temeke yako, ikitengenezwa na vijana wenye kompyuta moja kuukuu waliokata vipande vya mchiriku na taarab, wakavizungusha na kuviharakisha mpaka mapigo yakapita 200 kwa dakika. Kabla redio hazijaikubali, ilipigwa vigodoroni, barabarani, usiku kucha, mbele ya spika zilizopangwa mpaka usawa wa dirisha. Sikiliza anachokisema manju wake kwa pumzi moja isiyokatika: mwenye nyumba anataka kodi, bodaboda imekamatwa, mpenzi kamfuata mwenye gari, mama anaumwa. Anayeyasema hayo anakimbia, na kasi yake ni kasi ya mtu anayelala bila kujua kesho atakula kwa kazi gani. Baba yako anauita uhuni, lakini mimi nikiusikia nasikia uchovu unaokataa kukaa chini.

Tumewahi kuwa hapa. Taarab ya Unguja, ambayo baba yako huenda anaiona kuwa ndiyo muziki wa kistaarabu, ilikuwa starehe ya jumba la Sultani Barghash, ikiimbwa kwa Kiarabu. Siti binti Saad, mwanamke wa shamba aliyezaliwa Fumba na kuuza vyungu kabla ya kuimba, aliiimba kwa Kiswahili huko Ng'ambo, mtaa wa maskini, na akayatia ndani yake mambo ya mahakamani, ya dhuluma na ya wanawake walioonewa. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi sahani za santuri. Wakati wake walikuwapo waliomdhihaki kwa asili yake na kwa sura yake, na leo jina lake linatajwa kwa heshima na watu wa tabaka lilelile lililomdhihaki.

Sisemi kwamba kila wimbo wa singeli ni mzuri. Zipo tungo zinazowatukana wanawake, na ukizisikia huna haja ya kuzitetea kwa sababu tu zinatoka mtaani kwako. Mchagulie baba yako wimbo mmoja wenye maneno safi, umwandikie maneno yake kwenye karatasi, maana kwa kasi ile mtu wa umri wangu hashiki hata nusu. Akiyasoma atakuta kodi, deni na mama mgonjwa, mambo anayoyajua kuliko wewe.

*

*Mhariri, katika misiba ya siku hizi hapa kwetu Moshi watu huvaa fulana zenye picha ya marehemu, wapiga picha huzunguka jeneza, na maziko hurushwa moja kwa moja kwa simu. Je, tumepoteza staha ya kifo?*
*Mfiwa, Moshi*

Ndugu yangu, pole sana kwa msiba. Sitaki kukujibu haraka, kwa sababu nimeyaona yote mawili.

Nimemwona mpiga picha akimsogeza mjane begani ili apate sura nzuri ya jeneza, na nikasikia hasira ambayo bado ninayo. Nimeona pia simu iliyoshikwa na kijana kando ya kaburi, mkono ukimtetemeka kwa uchungu na kwa uzito, na ndani ya kioo chake binti wa marehemu, aliye Marekani na ambaye karatasi zake hazimruhusu kutoka na kurudi, akiwa amepiga magoti sakafuni mwa jikoni kwake. Udongo wa kwanza ulipoanguka, alitupa kiganja cha unga hewani, kwa kuwa hakuwa na udongo. Familia zetu zimetawanyika kwa ajili ya riziki, na simu ile ilikuwa kiti chake msibani. Fulana nazo ni sare, na haja yake ni ileile ya kanga za mama yangu, kwamba hawa ni watu wake na alikuwa na watu.

Kwa hiyo sidhani staha imepotea. Imekosa msimamizi. Tuna mtu wa kusimamia chakula, mtu wa mahema na mtu wa rambirambi, lakini hatuna mtu wa kusimamia kamera. Kikao cha kwanza cha ukoo kimteue mmoja, ikiwezekana binamu mtulivu, ashike simu moja kwa ajili ya walio mbali, asimame upande wa miguuni mwa kaburi na asisogee. Wengine wote waombwe kuzima simu zao kabla jeneza halijafunguliwa, na ombi hilo alitoe mfiwa mwenyewe au mzee wa ukoo, wala lisiachiwe mshereheshaji.